Kushea diski nzima kwa nyumba: miezi nane sasa hapa Kiamunyi, Nakuru

Wadau habari zenu. Kuna watu kadhaa nimewaahidi kitambo kwamba nitaandika juu ya hii kitu, na leo mvua imenyesha tangu asubuhi sijatoka kwenda tao, basi wacha niandike. Kazi yangu ni picha na vidio, harusi, ruracio (sherehe za mahari), mahafali ya watoto wa watu kule chuo cha Egerton, na mke wangu ndiye anapanga albamu. Nyumbani tuko na kompyuta nne: ile ya mezani iliyo na diski mbili, ndogo ya Windows na kubwa ya terabaiti 4 ambayo ndio D, laptopu ya mke wangu, laptopu ya kijana wetu wa sekondari, na laptopu moja nzee nimeiwekea Linux Mint badala ya Windows maana bado inafanya kazi vizuri.

Miaka yote tulikuwa tunahamisha kazi na flashi. Unakopi, unachomoa, unavuka sebule, unachomeka, halafu wiki mbili baadaye hakuna anayejua albamu ya mwisho iko flashi gani. Mwaka jana tulimpelekea bibi harusi mmoja albamu yenye picha ambazo alikuwa ameshatuambia tuzitoe, kwa sababu mke wangu alifanyia kazi kopi ya zamani bila kujua. Yule dada hakutugombeza, alinyamaza tu akifungua kurasa, na hiyo kimya iliniuma kuliko matusi. Hapo nikasema lazima kompyuta zote hizi zione diski moja, kopi moja, basi.

Nikaingia duka moja tao wakaniambia dawa ni NAS, yaani kile kisanduku cha diski kinachokaa peke yake kwa mtandao na kila mtu anachota hapo. Ni kitu kizuri na anayeweza anunue. Lakini bei waliyonipa ilikuwa elfu thelathini na kitu na hiyo ni kabla hujaweka diski hata moja ndani. Nikarudi nyumbani nikiwaza, nikakumbuka kwamba Windows yenyewe inajua kushea diski tangu zamani na haidai hata bob moja. Kwa hivyo tathmini yangu ni ya huo uwezo ambao tayari umeulipia ukinunua kompyuta, pamoja na swichi, yaani kisanduku cha kuunganisha waya za mtandao, na waya zenyewe, ambazo ndizo ziliniponya kabisa.

Kwanza nieleze kidogo maana wengi huichanganya na mambo ya klaudi. Hapa hakuna kitu kinatoka nje ya nyumba. Kompyuta ya mezani inasema kwa mtandao wa ndani "hii D yangu ni yenu pia", na zile zingine zinaiona kama diski yao. Lugha wanayoongea inaitwa SMB, na Linux nayo inaiongea kupitia Samba, ile programu Andrew Tridgell wa Australia alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna bando inaliwa. Hata kama hujalipia intaneti mwezi huu, rauta ikiwa na stima tu kazi inaendelea, na hiyo kifurushi yako ya megabiti 10 au 40 haina uhusiano wowote na kasi ya ndani. Hili nalirudia kila siku na bado mtu ananiuliza kama itamaliza bando.

Kuiweka ni kazi ya dakika kumi kama unajua mitego, na kama hujui ni jioni mbili kama zangu. Unaenda kwa diski D, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Sharing, halafu Advanced Sharing, unaweka alama ya kushea na unaipa jina. Yangu nimeiita KAZI. Kwa laptopu unaandika \\192.168.1.20\KAZI (hiyo namba ni anwani ya kompyuta yangu ya mezani kwa mtandao wa ndani) halafu unaipa herufi, mimi nilichagua Z, na ukiweka alama ya kujiunga tena kila ukiwasha inakaa hapo kama diski ya kawaida. Kama unafuata maelezo ya zamani yanayokwambia utafute HomeGroup achana nayo, ile iliondolewa kwa Windows 10 toleo la 1803 mwaka wa 2018, utatafuta mpaka macho yaume.

Mtego wa kwanza ni PIN. Laptopu inakuuliza jina na paswadi, unaweka zile namba nne za kila siku, inakataa, unaweka tena, inakataa. PIN ni ya ile mashine peke yake, haisafiri kwa mtandao. Inatakiwa paswadi kamili ya akaunti iliyo kwenye kompyuta inayoshea, na kama akaunti haina paswadi kabisa pia Windows inakataa kuipitisha kwa mtandao. Nilichofanya ni kufungua akaunti mpya kwa kompyuta ya mezani, nikaipa jina la kazi na paswadi ndefu, na hiyo tu ndio laptopu ya mke wangu inatumia. Tangu hapo sijaulizwa tena.

Mtego wa pili ni kwamba ruhusa ziko mahali pawili. Kuna ruhusa za kushea na kuna ruhusa za diski yenyewe zile za NTFS, yaani mpangilio ambao Windows inahifadhia mafaili, na ile kali kati ya hizo mbili ndio inashinda. Ukishea kwa hiyo njia yangu Windows inaanza na kusoma tu, kwa hivyo mke wangu aliona kila kitu lakini akijaribu kusevu anaambiwa hana ruhusa. Nikampa ruhusa ya kubadilisha pande zote mbili, na ule upande wa NTFS ukawa unapitia faili moja moja, diski yangu ikiwa imejaa ilichukua kama nusu saa, usishtuke usizime.

Na rauta nayo: hakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa Private kwa kila kompyuta, kama imeandikwa Public hazitaonana. Laptopu ikiwa imeingia kwa waifai ya wageni pia haitaona kitu, hiyo kawaida imetengwa makusudi. Ingia kwa rauta uipe kompyuta ya mezani anwani isiyobadilika, la sivyo siku moja stima itapotea ikirudi anwani imekuwa nyingine na Z imekufa. Halafu zima ile tabia ya kompyuta kulala, maana ikilala diski imelala na yeyote aliyekuwa anafanya kazi anabaki ameganda.

Sasa tuje kwa kasi, maana hapa ndipo watu wengi wanajaribu mara moja, wanakasirika, wanarudi kwa flashi.

Harusi moja kwangu, picha na vidio pamoja, ni kama gigabaiti 90. Mara ya kwanza nilijaribu na waifai ya rauta tuliyoletewa na watu wa intaneti, ikawa inaenda megabaiti 5 kwa sekunde, ukipiga hesabu hiyo ni masaa matano, na mtu akiwasha TV inashuka zaidi. Nikasema waya basi. Nikachomeka waya kwa hiyo hiyo rauta, ikapanda mpaka megabaiti 11 ikagoma hapo. Masaa mawili na robo. Kumbe matundu ya ile rauta ni ya megabiti 100, na biti nane ndio baiti moja, kwa hivyo 100 ukigawanya kwa 8 ni 12 na nusu, toa njugu za barabarani, yaani kile mawasiliano yenyewe yanakula, unabaki na 11. Haijalishi diski yako ni kali namna gani, bomba ni hilo.

Nikaenda tao nikamwambia kijana wa duka nataka swichi ya kasi. Akanipa, na kweli kwa boksi imeandikwa Fast Ethernet, nikalipa nikaleta nyumbani, nikachomeka, 11 tena. Ndugu zangu, Fast Ethernet ni jina la ile ya megabiti 100, lilipewa wakati 100 ilikuwa kasi. Unayotaka imeandikwa Gigabit au 10/100/1000. Nilirudi, sikurudishiwa pesa, nikaongeza nikanunua TP-Link TL-SG105, ya matundu matano, ya chuma, haina feni haina kelele. Nililipa 2,600 na ndio pesa nimetumia vizuri kuliko zote kwa hii safari.

Lakini bado hadithi haijaisha kwa sababu nilichomeka hiyo swichi na kompyuta ya mezani ikaonyesha 100. Ukiingia kwa mipangilio ya mtandao ya Windows kuna mahali pa Link speed, inafaa isome 1000/1000, yangu ikasoma 100/100. Nililaumu swichi usiku mzima, kosa lilikuwa waya. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu za waya, yaani nyuzi nne, lakini gigabiti inataka jozi zote nne, nyuzi zote nane. Ukiwa na uzi mmoja tu haujafika kwa kichwa cha waya, kile cha kuchomeka, mashine hazikuambii kitu, zinashuka kimya kimya mpaka 100 na unafikiri kila kitu kiko sawa. Fundi aliyenivutia ule waya wa mita 18 kutoka sebuleni mpaka chumba cha kazi alikuwa ameukata uzi wa kahawia mfupi. Nikakata kichwa nikafunga kingine mwenyewe kwa ule mpango wa rangi unaoitwa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili hivyo hivyo. Nikachomeka, 1000/1000. Nilimwita mke wangu aje aone, akaniuliza ni nini hiyo nimefurahia hivyo.

Harusi ya gigabaiti 90 sasa inahama kwa dakika kumi na tano hivi. Kutoka masaa matano. Gigabiti yenyewe ndio inakaribia mwisho wake sasa, megabaiti 105 mpaka 110, na zikiwa picha ndogo ndogo maelfu inashuka kidogo maana kila faili ina salamu zake.

Ushauri wa waya: uliza kama ni shaba tupu. Kuna waya za bei ya chini ambazo ni alumini iliyopakwa shaba, wauzaji wanaziita CCA, ni nyepesi mkononi na zinavunjika ndani ukizikunja kwa kona ya ukuta. Waya wa daraja la Cat5e unatosha gigabiti mpaka mita 100, Cat6 ukiipata chukua. Na kama laptopu ni ile nyembamba isiyo na tundu la waya, kama ya mke wangu, nunua adapta ya gigabiti ya USB 3. Ukiichomeka kwa tundu la USB 2 unajifunga mwenyewe, hiyo mwisho wake ni megabiti 480 na kwa kazi haifiki hapo.

Wengine wameniuliza si uchomeke tu diski kwa USB ya rauta. Nilijaribu. Kwa yangu ilikuwa polepole kuliko waifai, na laptopu yenye Windows 11 ikakataa kabisa kuongea nayo, sababu rauta nyingi za zamani zinaongea SMB ya kwanza ambayo Windows haiji nayo tena tangu Windows 10 toleo la 1709 la 2017. Kuna watu wanafundisha vile ya kuirudisha. Tafadhali usiirudishe. Ile ndio virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017, vikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na nchi nyingine nyingi, na njia ilikuwa hiyo SMB ya kwanza kwa mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa. Kama kifaa chako hakijui lugha mpya bora kisishee.

Sasa kuna jambo limenitokea ambalo nataka kila mtu anayefuata haya maelezo alijue kabla hajaweka chochote. Mwezi wa tatu binamu yangu alikuja kutusaidia kazi, akakaa kwa laptopu ya mke wangu, akaona folda mbili zenye majina yanafanana akafuta moja akidhani ni kopi. Ilikuwa harusi nzima ya Molo. Tukakimbia kwa ndoo ya taka (Recycle Bin) ya laptopu, haiko. Tukakimbia kwa ndoo ya kompyuta ya mezani, haiko. Kitu ukikifuta kupitia mtandao hakiendi kwa ndoo ya upande wowote, kinafutika moja kwa moja. Windows inakuuliza mara moja tu kama una uhakika na mtu aliyezoea kubonyeza ndio anabonyeza ndio. Binamu alikaa chini akashika kichwa. Mungu ni mwema, kila Jumapili jioni huwa nakopi D kwa diski ya nje halafu naichomoa naiweka kwa kabati, na harusi ya Molo ilikuwa ya Jumamosi ya wiki iliyotangulia, tukaipata yote. Ingekuwa imepigwa siku tatu baadaye, ningekuwa nimeenda kupiga magoti kwa mama wa watu.

Kwa hivyo kushea si bekapu, hata kidogo. Ni kinyume, sasa mikono minne inaweza kuharibu diski moja. Baada ya siku hiyo nilibadilisha: folda za kazi zilizokamilika nimezifunga kwa NTFS ni kusoma tu kwa kila mtu isipokuwa mimi, na kuna folda moja ya kazi zinazoendelea ndio mke wangu anaandika. Kijana ana akaunti yake, anaona filamu na vitabu, hawezi kufuta. Hii ya kusoma tu ina faida nyingine kubwa. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia laptopu moja vinafuata pia kila diski iliyounganishwa ambayo laptopu ina ruhusa ya kuandika. Laptopu ya kijana ndio inaingia kila tovuti ya michezo, na ndio sababu nimeifungia.

Na C usishee nzima. Nimeona mtu hapa mtaani ameshea C yote kwa kila mtu na ruhusa kamili, akiniambia ni rahisi. Humo ndani kuna Windows yenyewe, kuna nyaraka, kuna mapaswadi yaliyohifadhiwa kwa brauza. Kama unataka kuchukua kitu kwa C shea folda moja. Diski nzima iwe ile ya data tu. Na kwa rauta usifungulie watu wa nje tundu 445, ule mlango wa SMB, hata rafiki wa mbali akikusihi vipi.

Mambo madogo madogo sasa. Lightroom Classic, programu ya kupanga na kurekebisha picha, haifungui katalogi (orodha yake ya picha) iliyo kwa diski ya mtandao, kwa hivyo katalogi inakaa kwa laptopu na picha zinakaa Z, inafanya kazi vizuri tu. Vidio za 4K naediti moja kwa moja kutoka Z bila kukwama kwa waya, kwa waifai inakwama. Wawili wakifungua faili moja ya Word, wa pili anaambiwa ni ya kusoma tu, na kwetu hilo limezuia ugomvi. Linux Mint iliona kila kitu bila shida, unaandika smb://192.168.1.20/KAZI kwa dirisha la mafaili na umeingia. Kwa simu VLC, ile programu ya kuchezea vidio, inaiona pia. Mama yangu alipokuja kutoka Njoro nilimwekea kwa simu vidio ya harusi yetu ya 2009, akaitazama yote jikoni akimenya viazi, akisimamisha kila akiona mtu ambaye hayuko tena akitaja jina lake.

UPS, ile betri inayoshika stima ikipotea, nayo ni lazima kwa maoni yangu. Hapa stima inapotea bila hodi na ikipotea mke wangu akiwa anasevu, laptopu yake inabaki hai lakini diski imezimika, faili inakatika katikati. Nimeweka UPS ndogo inashika kompyuta ya mezani, swichi na rauta, ninapata dakika kumi za kusevu na kuzima vizuri. Na kila miezi mitatu nafungua kasha napuliza, maana vumbi la Nakuru mnalijua, Januari na Februari linaingia hata mahali huoni tundu, na kompyuta inayokaa imewashwa siku nzima inalivuta lote.

Gharama yangu yote, swichi 2,600, waya wa Cat6 mita 18 na vichwa ni kama 1,400, adapta ya mke wangu 1,800. Ile swichi ya kwanza siihesabu. Sina mpango wa kununua NAS mwaka huu.

Kitu kimoja kimebaki. Kompyuta ya mezani ni ya Windows 10 na Microsoft walimaliza kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yenyewe haikubali Windows 11. Sitaki kompyuta inayoshea maisha yetu yote ikae bila masasisho, kwa hivyo Jumamosi nilijaribu kuiwasha na Linux Mint kutoka kwa flashi, nikaweka Samba, nikashea ile ile D bila kuibadilisha kutoka NTFS. Laptopu ya mke wangu iliingia na jina lile lile na paswadi ile ile, kasi megabaiti 102. Sijamwambia bado kwamba alikuwa anafanya kazi kwa Linux siku nzima. Wiki ijayo nikimaliza harusi ya Gilgil nahamisha kabisa, na kama kuna aliyeshafanya hivyo na diski kubwa ya NTFS naomba aniambie vile anairekebisha stima ikiikata, maana hapo ndipo bado natafuta.